Mzigo Uje Kifuani

Mama Mashuka hakuwa mwoga wa vitu vizito. Tangu usichana wake alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, ambako kapu moja la mashuka yaliyolowa lilihitaji watu wawili kulibeba. Upande wa pili wa kapu lake alisimama kijana mmoja mcheshi, na kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa mume wake. Sasa mume huyo alikuwa amelala kitandani, mkono na mguu wa kushoto vimelegea kwa kiharusi, na mkewe aliogopa hata kumgusa.

Hofu hiyo iliingia asubuhi moja alipojaribu kumhamishia kwenye kiti cha magurudumu. Alimshika kwapani, akavuta, na wote wawili wakaenda chini. Kichwa cha mumewe kiligonga ukingo wa kitanda. Mlio ule, mfupi na mkavu, haukumtoka tena masikioni. Alikaa naye sakafuni, damu ikitiririka juu ya sikio la mzee, akapiga mayowe mpaka jirani yao seremala akaja mbio.

Kesho yake binti yao wa pekee alifika kutoka mji wa mbali anakofundisha. Aliliangalia jeraha lililoshonwa. Hakulia wala hakufoka, na utulivu huo ndio uliomtisha mama yake.

"Mama, baba nitamchukua."

"Umpeleke wapi?"

"Kwangu. Mume wangu yupo, shemeji zangu wapo, watu wenye nguvu zao. Wewe hujastaafu bado. Utakuja kumwona ukipata likizo."

"Likizo! Mimi na baba yako tangu tuoane hatujaishi nyumba mbili."

"Na ukimwangusha tena?"

Binti akapanga nguo za baba yake kwenye begi la bluu, akaliweka nyuma ya mlango na kusema atarudi na gari shule zikifungwa. Mpaka siku hiyo, seremala angekuja asubuhi na jioni kumhamisha mzee, na mama asithubutu kumnyanyua peke yake. Kila alipopita mlangoni, begi lile lilimtazama.

Mtaalamu wa viungo pale hospitalini ndiye aliyemwonyesha njia. "Mgonjwa wako ana mguu mmoja mzima," alimwambia. "Wewe ndiye huna hata mmoja. Nenda kanyanyue vyuma, dada, na umpate mtu wa kukusimamia, usije ukajivunja."

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa nyuma ya duka la matairi. Mama Mashuka alivua ndala mlangoni, kama walivyofanya kazini ili wasiteleze, akaingia. Ndani, kijana mmoja aliachia chuma kikaanguka sakafuni. Lo! Ulikuwa mlio ule ule. Alijikuta yuko barabarani, miguu mitupu juu ya kokoto.

"Mama, viatu vyako," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, ambaye kila mtu pale alimwita Kocha. "Wengine hukimbia baada ya mazoezi. Wewe umeanza kabla."

Mama alicheka. Kisha akamweleza yote, palepale barabarani.

Waliporudi ndani, Kocha hakumpa chuma. Alimletea gunia dogo la mchanga, akamwambia alinyanyue kama anavyonyanyua siku zote. Mama alilishika kwa ncha za vidole, mikono imenyooka, akaegemea nyuma.

"Mbona unalikimbia?"

"Silikimbii. Shuka bichi likikugusa kifua utashinda na baridi kutwa nzima. Unaliweka mbali. Unaegemea nyuma, mwenzako naye anaegemea nyuma kwa upande wake, kapu linatulia katikati."

Kocha akalipokea gunia. "Na mzee alikuwa mwenzako wa kapu?"

"Miaka yote."

"Basi siku ile, mama, ulipomvuta, wewe uliegemea huku na yeye akaegemea kule. Lakini kapu halikuwapo."

Mama Mashuka aliketi kwenye benchi. Alidhani alizidiwa na uzito tu. Kumbe mwili wake ulifanya kile kile ulichozoea, na wa mumewe vilevile. Atauaminije tena?

Wakaanza na kitu cha aibu: kuinuka kwenye kiti bila kujishika. Siku za mwanzo mapaja yalimuuma hata akashuka ngazi za kazini kinyumenyume, wenzake wakimtania kwamba anasindikiza wageni wasioonekana. Malipo yake kwa Kocha yalikuwa kufua taulo za ukumbi. Baadaye wakaja kwenye kuchuchumaa na chuma mkononi, kisha kuinua gunia kutoka chini, mgongo umenyooka, nguvu zikitoka miguuni. Kocha alimzunguka kama fundi anayekagua ukuta. "Kisigino chini. Pumua. Mzigo uje kifuani, mama, uukumbatie."

Polepole mambo yalibadilika. Magoti yaliacha kulia. Ngazi akazipanda bila kushika ukuta. Lakini gunia lilipofika kifuani, ule mlio ulirudi, na siku moja aliliachia likaanguka puu!

"Okota," alisema Kocha.

"Siwezi."

"Mchanga hauumii."

"Mume wangu anaumia!"

"Ndiyo maana leo tumeleta mchanga." Kocha akachutama mbele yake. "Utaogopa tu, sikudanganyi. Hofu ikija itakuambia umsukume mbali. Wewe mvute karibu."

Shule zilifungwa. Binti alifika asubuhi, gari likasimama nje, na seremala akaja kama kawaida yake.

"Leo kaa pembeni, jirani," alisema mama.

"Mama, usianze," alisema binti. "Tafadhali."

"Nikishindwa, begi hilo hapo."

Alifunga breki za kiti, akazikagua tena. Alimketisha mumewe ukingoni mwa kitanda, akaweka magoti yake yakilinda goti lile lililolegea, akampitishia mikono mgongoni. Mzee alikuwa ameng'ang'ania shuka kwa mkono wake mzima. Naye aliogopa, mapigo ya moyo wake yaligonga kifuani mwa mkewe.

Akachuchumaa, akapumua, akainuka. Mzee akainuka naye. Halafu, katikati, akahisi mabega yake yanakwenda nyuma, na migongo yao miwili ikataka kuagana kama zamani. Binti akapiga kelele. Mama aliona sakafu, akaona damu ile.

Akamvuta karibu.

"Njoo kwangu, mzee! Mimi siyo kapu!"

Mzee akatoa sauti nzito kooni, na kumbe ni kicheko. Akaachia shuka, kichwa chake kikaangukia begani mwa mkewe, uzito wote ukaja, na miguu yake mama ikaupokea. Akageuka hatua ndogo ndogo, akamshusha kitini taratibu.

Binti alikuwa amejiziba mdomo.

"Rudia," alisema hatimaye. "Mrudishe kitandani, nione."

Akarudia, akiogopa vilevile. Safari hii mzee aliachia kiti mapema, akamwekea mkewe mkono mzima shingoni.

"Ngoja nijaribu na mimi," alisema binti. Akamwinamia baba yake, mikono imenyooka, mgongo umepinda.

"Acha! Acha!" mama alifoka. "Unataka kumuua? Mkumbatie kwanza!"

"Mnanigombania kama shuka," alisema mzee, maneno yakimtoka kwa shida upande mmoja wa mdomo.

Seremala alicheka. Binti hakucheka. Alikwenda nyuma ya mlango, akalichukua begi la bluu, akalifungua na kuanza kurudisha mashati ya baba yake kabatini.

"Huyo kocha wako," alisema bila kugeuka, "leo yupo?"