Nyumba Iliyokaguliwa

Enzi za ukoloni mume wangu alikuwa karani mjini Élisabethville, nasi tulikaa mtaa wa Katuba. Aliitaka kadi ya wastaarabu, ambayo serikali iliwapa Waafrika walioishi kama Wazungu, kwa sababu mwenye kadi hiyo hakuchapwa fimbo, na yeye alikuwa ameshachapwa mara moja, mbele ya vijana aliowafundisha kazi. Mimi niliitaka kuliko yeye.

Kabla ya kuitoa, Wazungu walikuja nyumbani kuona kama mnaishi vizuri. Kuishi vizuri maana yake ilikuwa kila mtoto na kitanda chake, uma, mapazia, na ndugu wasijazane ndani. Wenzetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliwafukuza wageni ili tupone, tena kwa maneno matamu, nikajiona mjanja.

Wiki ya ukaguzi mama yangu akafika kutoka Kasenga na kikapu cha samaki wakavu. Aliyagusa mapazia, akaitazama meza yetu na viti vyake vinne, viwili vyetu na viwili vya watoto.

"Bengine banakulaka wapi?" akauliza.

"Bengine nani, mama?"

"Bantu benu." Akanishika shavu. "Muko bazima kweli, mutoto wangu?"

Kwao, watu wanaokula peke yao wana ugonjwa, au wana roho mbaya. Nilicheka, lakini moyoni nilikasirika.

Siku yenyewe nilimwomba akae kwa jirani mpaka jioni. Alikubali bila kuuliza sababu. Wakaja bwana mmoja na bibi mmoja na daftari lao. Bibi alifungua kabati, akahesabu uma, akainama kutazama chini ya vitanda. Alikuwa karibu kumaliza, mlango wa nyuma ulipofunguka.

Mama alikuwa ameiona motokari yao. Aondoke mgeni kwa binti yake na tumbo tupu? Alikuwa amepika bukari, ugali wa kwetu, na samaki kwenye jiko la jirani, na sasa aliingia na beseni la kunawia, akapiga magoti mbele ya yule bibi.

"Karibu, Madame. Munawe, mukule."

Bibi akaniuliza kwa Kifaransa huyu ni nani, na kama analala humu.

Nikajibu kwa Kifaransa safi nilichofundishwa na masista, "Ni jirani, Madame. Hunisaidia kufua."

Mume wangu aliangalia viatu vyake. Mama hakujua neno hata moja la Kifaransa. Alitabasamu na kuitikia kwa kichwa, akiniunga mkono.

Waliondoka bila kula. Mama alikuwa bado amepiga magoti.

"Ulibaambia nini juu yangu?"

"Nilibaambia huyu njo mama yangu."

Alifurahi mno hata akasahau kuudhika kwamba chakula kimekataliwa. Nami nilikaa pale nikila samaki wake. Kadi tuliipata. Sikumwambia ukweli wakati ule, wala baadaye, ingawa nafasi zilikuwa nyingi.

Nilipokwenda Kasenga kumzika, wanawake wa kule walinipokea kwa kisa ambacho mama hakuchoka kuwasimulia, jinsi binti yake alivyosimama mbele ya Wazungu bila woga, akamtaja mama yake kwa Kifaransa. Wakaniomba niyaseme maneno yale, nao wayasikie.

Nikayasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.