Risasi Nilizozibana Kama Sambusa

Mwezi Machi nilimpoteza Baba Neema, mume wangu, aliyekuwa akijaza upya maganda ya risasi za kuwindia hapa nyumbani, mjini Anoka, ughaibuni. Msimu wa kulungu ulipokaribia, nikamwambia rafiki yake Elia, aliyekuwa akiwinda naye pamoja na wenzao, kwamba risasi nitawatengenezea mimi, marehemu alinifundisha. Nilitaka bado watumie risasi za nyumba yetu.

Nikiogopa vichwa vya risasi visije vikachomoka, nilibana midomo ya maganda kwa nguvu zote, kama ninavyobana sambusa zisinywe mafuta.

Kwenye uwanja wa shabaha, nilikokwenda na Elia na wenzake, risasi ya kwanza ikagoma kuingia kwenye bunduki yake. Ya pili vilevile.

“Shemeji, umebana mpaka maganda yamevimba! Alikufundisha lini?”

“Hakunifundisha. Nilikuwa nampelekea chai tu.”

Elia akacheka mpaka akakaa chini.

“Basi tupe chai, shemeji.”

Nikafungua chupa ya chai niliyokuja nayo, nikawamiminia.