Mtu wa mizani na karatasi nilizotupa

Leo nimemwonea wivu mwanaume aliyekuja kupima takataka zetu.

Ngojeni nieleze.

Kwa miaka nimeandika kwamba nchi isiyojua takataka zake ni za namna gani, na kama zinatoka majumbani, sokoni au viwandani, haitasafishika. Nilidai takwimu za taifa zima. Hakuna aliyenijibu.

Leo hesabu hiyo imefika mlangoni kwangu, hapa mtaani kwetu Kadutu. Na aliyetumwa ni Déo, tuliyesoma naye! Mimi nadai, yeye anaajiriwa.

Mke wangu alishamtengea kila kitu: maganda ya ndizi huku, plastiki kule, karatasi pembeni. Mimi nikiomba soksi zangu zitengwe, naambiwa nina mikono.

Déo akapima maganda. Akapima plastiki. Kwenye karatasi akasita, akakunjua moja, akaisoma kwa sauti.

Makala yangu niliyoitupa jana!

Mke wangu akacheka hadi akashika ukuta. Mwanamke huyu hajawahi kumaliza ukurasa wangu hata mmoja.

"Tonton Déo, soma tena pale kwa ministre!" akamwomba, akimwita mjomba kama mtoto, arudie pale nilipomsema waziri.

"Mama Aline," nikasema, "ile nilitupa. Iko mubaya."

"Mubaya wapi? Papa Aline, kumbe unajua kuandika! Juu ya nini haukunionyesha?"

Eti kwa nini sikumwonyesha!

Wanaume, nina haki ya kukasirika au sina? Jibuni haraka, maana Alhamisi Déo anarudi kupima tena, na tangu saa sita niko mezani naandika ukurasa mzuri wa kutupa.