Wifi Aliyenisemea

Kiharusi kilinikuta dukani kwangu Gisenyi, Rwanda, nikimkatia mteja kitenge. Mkasi ulianguka, nikainama kuuokota, mkono wa kulia ukakataa. Nilipotoka hospitali, upande huo ulikuwa umelegea na maneno yamenikwama. Akili ilikuwa nzima. Kila kitu nilikisikia. Kusema tu ndiko kulikonishinda.

Mume wangu alimwita dada yake kutoka Mudende aje kunitunza. Familia yao ilirudi kutoka Kongo, mimi nilikulia Tanzania, na miaka yote mimi na wifi huyo tulikuwa tukichekeana Kiswahili. Sasa wa kucheka alikuwa yeye peke yake. Alinilisha kwa kijiko, akanivalisha, akanifuta mdomo hata pasipokuwa na kitu. Wageni wakinisalimu, alijibu yeye.

"Masikini, akili ilishaenda. Haiko nasikia kitu."

Na mimi nimekaa palepale!

Mama wa mazoezi pale hospitali alikuwa amewaeleza wote wawili, nikisikia: "Mwacheni ajifanyie anachoweza. Mkono ule dhaifu autumie kila siku. Msimvute kwa mkono huo, mtamuumiza bega. Akitaka kusema, ngojeni." Mume wangu akaitikia. Tulipofika nyumbani wifi akasema, "Bon, yule haiko nyumbani na mugonjwa. Ni mimi niko naye." Na mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, akanyamaza.

Nilipoukokota mkono kukifuata kikombe, kikombe kiliondolewa. Nilipoanza neno, lilimaliziwa, tena si lile nililolitaka. Nilitaka dirisha lifunguliwe, nikafunikwa blanketi. Nilikaa chini ya blanketi lile nikitokwa jasho, nikiwachukia wote wawili.

Jumapili moja wanawake wa kanisani walikuja kuniombea. Walipotaka kuondoka, wifi aliona ni adabu nisimame niwaage. Akanishika mkono wa kulia, akauvuta. Bega likawaka moto.

"Niache!"

Wifi akafungua mdomo anisaidie kuendelea. Nikapiga meza kwa mkono wa kushoto, vikombe vikaruka.

"Mi... mimi... si mtoto."

"Kumbe iko nasema!" wifi akashangaa.

Nilimtazama mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, nikamwonyesha kiti kilichokuwa mbele yangu. Akaja, akakaa.

"Sema," aliniambia. "Nangoja."

Alingoja kweli. Wageni waliangalia viatu vyao. Neno lilichelewa, likapotea, likarudi.

"Uli... ulinyamaza."

Akafunika uso kwa viganja.

Kesho yake wifi aliondoka amenuna. Mume wangu akaanza kunipeleka mazoezini mwenyewe. Alipigilia misumari kwenye kibao ili kiazi kichomekwe juu yake kitulie nikimenya kwa mkono mmoja, wa pili ukijifunza kukigusa. Kiswahili kilirudi kwanza, Kinyarwanda bado kinachechemea. Vifungo vya blauzi vinanishinda hadi leo. Mama wa mazoezi alisema miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa, na yangu mingine ililiwa na huruma. Sijawasamehe.

Juzi wifi alikuja na viazi vya kwao. Nilikuwa jikoni namenya, polepole, kwa fujo. Aliketi kando yangu, akaangalia, akahema, mkono wake ukanyooka kuchukua kisu.

Nikamkazia macho.

"Pole," alisema, akaurudisha mkono mapajani. Maji ya viazi yalikuwa yameshachemka. Tuliyaacha yachemke.