Lenzi ya Mkono na Lenzi ya Otomatiki

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi yangu ikirudishwa huwa najibu kabla sijafikiri. Afisa wa kilimo ninayempigia picha za wadudu aliponipigia simu kusema kwamba picha za nzi weupe nilizopiga kwenye majani ya mihogo kule Marachi zina ukungu, nilimwambia pale pale kwamba lenzi yangu imechoka. Hata kompyuta nilikuwa sijafungua. Kisha nikakata simu, lakini hilo neno ukungu halikunitoka.

Mama yangu ni kipofu. Macho yote mawili yalikwenda kwa presha ya macho, polepole, na hakuna aliyejua, kwa sababu yeye mwenyewe aliwalaumu wauza maharagwe. Mawe yalipoanza kubaki kwenye sufuria, alisema yule mwanamke wa sokoni anayachanganya makusudi. Akamhama. Kwa muuzaji wa pili, mawe. Kwa wa tatu walirushiana maneno mpaka wateja wakaacha kununua, wakasimama kutazama. Sisi nyumbani tulicheka, tukamwita mkaguzi wa soko. Alipofikishwa hospitali, daktari alisema mshipa wa jicho ukishakufa haufufuki, na kwamba ugonjwa huo hupenda kufuata watoto.

Kwa hiyo nilifungua kompyuta kwa woga. Afisa alisema kweli. Ukingo wa jani ulikuwa umekolea mpaka vinyweleo vyake vinahesabika, lakini nzi mwenyewe, aliyekaa nyuma kidogo tu, alikuwa doa. Picha zote zilikuwa hivyo. Pale shambani nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope nikiamini nimempata. Kweli kioo cha kuchungulia kilikuwa na ukungu kidogo, lakini nilidhani ni jasho, nikakipangusa kwa leso na kuendelea.

Lenzi yangu ni ya mkono, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Haijitafutii chochote. Unaweka pete yake mahali unapotaka, unabana pumzi, kisha unasogeza mwili mbele na nyuma, polepole, mpaka mdudu atokee. Jicho ndilo linaloamua. Nilikuwa nikiringa nayo, na kuwatania wapiga picha wa harusi wa Busia wenye lenzi za otomatiki, kwamba wao hubeba kamera na kamera ndiyo inayopiga. Sasa nilitaka ya otomatiki, na nilitaka sana iwe kweli kwamba tatizo ni lenzi.

Huko Malaba kuna Mganda mmoja anayeuza kamera za mitumba anazozitoa Kampala. Tulikutana upande wetu, kando ya foleni ya malori, akafungua lenzi moja ya otomatiki kutoka kwenye taulo.

"Nyabo, dada yangu, hii hauzungushi kitu," alisema. "Unaelekeza, inashika, inalia pii. Yako ni kubonyeza tu."

"Na nikikaribia sana? Si itaanza kuhangaika, mbele nyuma, mbele nyuma, mdudu ameshaenda?"

"Kidogo itahangaika, sikudanganyi. Lakini enda nayo, jaribu. Jumamosi unaniambia umechukua gani. Wewe mbona unatetemeka? Uko na malaria?"

Nilimwambia ni baridi. Jua lilikuwa linachoma lami.

Nyumbani niliweka omena mmoja mkavu, dagaa wa ziwani, kwenye sahani nyeupe, karibu na dirisha, saa za mchana. Omena hakimbii, na jicho lake ni dogo kiasi cha kutosha kumuumbua mpiga picha yeyote. Nilianza na lenzi yangu ya zamani. Nikasogea, nikarudi, nikabonyeza. Doa. Kamera ilikuwa inacheza, nikaegemeza viwiko mezani na kurudia. Doa tena.

Nikafunga ile ya otomatiki. Ilihangaika kweli kama alivyosema, kisha ikatulia, ikalia pii, na taa ndogo ya kijani ikawaka kuonyesha kwamba imeshika. Lakini kwenye kioo cha kuchungulia jicho la omena lilikuwa bado limefunikwa na moshi. Nilibonyeza hivyo hivyo. Picha ilipotokea kwenye skrini, jicho lilikuwa limekaa wazi kabisa, duara jeusi ndani ya fedha.

Nilipangusa kioo. Nilizungusha kile kigurudumu kidogo cha pembeni kinachorekebisha kioo kifuate macho ya mtu, nikakifikisha mwisho huku, nikakirudisha mwisho kule. Pii. Taa ya kijani. Moshi.

Tangu nianze kazi hii huchungulia kwa jicho la kulia na kulifumba la kushoto. Sikumbuki kama nimewahi kufanya kinyume. Siku hiyo nilihamisha kamera kwenye jicho la kushoto, pua ikibanwa vibaya, na omena akatokea hadi magamba. Nikarudisha lenzi ya zamani, nikachungulia kwa lile lile la kushoto. Magamba. Lenzi yangu haikuwa na kosa lolote.

Nilikaa sakafuni. Niliogopa hata kuliziba lile la kushoto ili nijue la kulia limebakiza nini. Nilipoliziba, uso wa saa ya ukutani ulikuwa umeliwa na ukungu.

Sikumpigia mtu simu. Nilipanda bodaboda hadi kwa mama, Marachi. Nilimkuta kibarazani anachagua maharagwe kwa vidole, na akajua hatua zangu kabla sijabisha. Nilikaa chini nikamweleza kila kitu, omena, pii, taa, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

Aliacha kuchagua.

"Jicho gani?"

"La kulia."

"Na umegombana na nani?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikamwambia nimemgombeza afisa wa kilimo, nikasingizia lenzi, na nimekwenda mpaka Malaba kutafuta nyingine.

"Mimi nilimaliza soko lote kwanza," alisema. Akaweka ungo chini, akapapasa ukuta mpaka akapata fimbo na kitambaa chake cha kichwa. "Inuka. Leo leo, si Jumatatu."

Nilimwambia nitakwenda mwenyewe, njia ni mbaya na yeye haoni. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Kwenye kliniki ya macho nilikaa nimemshika mkono, na jasho lilikuwa langu. Nesi alipotoka na kuita anayefuata, alitazama fimbo, akamwinamia mama kwa upole.

"Mama, simama polepole. Huyu dada atakusaidia kuingia."

"Si mimi," mama alisema, akanisukuma mbele. "Ni yeye. Mimi nimemleta."