Asubuhi ya Kumbikumbi

Wajukuu wangu watatu hawamwoni mdudu kwa jicho moja. Nimewatazama sana likizo wanapokuja shambani kwetu, chini kidogo ya Karatina. Msichana mkubwa, aliyezaliwa Nairobi, hukagua blanketi pande zote kabla ya kulala. Buibui mmoja akitokea chooni, sisi wote tutaarifiwa. Ndugu yake humtia mende kwenye kiberiti, akamfungulia mezani na kuniuliza, "Guka, hii iko na masikio wapi?" Nami sijui. Nilisoma hadi kidato cha nne na sikuwahi kujiuliza.

Wa tatu ni binti wa mwanangu mdogo. Mamake ni mwalimu mjini Nyeri, mzaliwa wa upande wa Kakamega. Mtoto huyu hakuwa akiogopa wala kuchunguza. Mwaka jana, mvua kubwa ilinyesha usiku, na asubuhi kumbikumbi wakatoka ardhini karibu na zizi. Kuku walikimbilia huko. Mtoto naye akakimbia, akachuchumaa kati ya kuku, akamng'oa kumbikumbi mmoja mabawa na kumtia mdomoni.

Msichana mkubwa alipiga kelele. Kaka yake akaanza, "Kok-kok-kok! Guka, ona kuku ya Nyeri!"

Sisi Wagikuyu wa huku hatuwali kumbikumbi. Nikasema, kwa sauti ya mwenye boma, "Tema hiyo! Mtu wa nyumba hii hali wadudu." Kisha nikacheka. Wenzake walipoona nimecheka, walimzunguka wakidonoa hewa kwa vidole.

Akatema. Nilipogeuka nilimwona mamake mlangoni, ameshika beseni la maji. Nadhani alikuwa akija kumsaidia kuokota.

"Baba," akaniambia, "mimi nililelewa kwa hizo."

Alimwaga maji kwenye mboga na kurudi jikoni. Ningeweza kumfuata. Nilienda kuangalia ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Tangu siku hiyo mtoto akawa akila kwetu huku akiwatazama wenzake kwanza. Wakichukua mukimo, naye huchukua. Wakiacha maharagwe, huacha. Mke wangu alisema amepata adabu. Mimi nilijua alichopata, na nani aliyempa.

Mvua za Novemba zilipokaribia, nilimpigia simu mkaza mwanangu nikamwomba waje, na anieleze jinsi ya kuwatega kumbikumbi. Akasema beseni la maji linatosha, bora taa iwe karibu. Walikuja. Jioni moja mvua ilipokatika, mabawa yalijaa kwenye taa ya barazani. Niliinama mwenyewe, mgongo ukilalamika, nikawa naokota.

"Njoo unisaidie," nikamwambia mtoto. "Wewe ndiye unajua hii kazi."

Alikuwa amesimama kando ya binamu zake. Msichana mkubwa alikuwa amejifunika kichwa kwa sweta. Mvulana alikuwa akiokota mabawa yaliyoanguka na kuyainua kwenye mwanga.

"Mimi sikuli hizo, Guka," akasema. "Ni mama hukula."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza jirani ni wa kabila gani. Mamake alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, akipepeta mabawa kwenye uteo. Mikono yake haikusimama.

Kumbikumbi walikaangwa bila mafuta, kwa chumvi kidogo. Nilichukua kiganja kizima na kutafuna mbele ya wote, nikitumaini mtoto ataona. Wana ladha nzuri, kama njugu. Msichana mkubwa alitoa sauti ya kutapika, na yule mdogo akamwiga vizuri sana, kisha wakakimbia ndani wakicheka.

"Nitamwita," nikasema.

"Mwache, Baba," mamake akajibu, akanisogezea sahani.

Tukala, mimi na yeye, hadi kumbikumbi wakaisha.