Alama ya Kijani ya Verdell Mackey

Jumatatu ya tarehe 8 Februari 1971, Verdell Mackey alikabidhiwa kalamu ya nta ya kijani na namba 27, akawa mwanamke wa kwanza kukagua magari katika kiwanda cha Corliss cha Pontiac, Michigan. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Msimamizi wake, bwana mmoja aliyeitwa Haskell, alimwonyesha mahali pa kusimama, akamwambia avue pete asije akakwaruza rangi, akaondoka.

Gari lilimfikia kila baada ya sekunde hamsini na tano. Karibu kila mara lilikuwa Mako: milango miwili, mwili wa gari la kawaida, na chini ya boneti injini ya silinda nane ambayo ingetosha kuvuta lori la maziwa. Katika sekunde hizo Verdell alipaswa kuinama kwenye kona ya mbele kushoto, pale sanduku la usukani linaposhikana na chasisi, na kupima inchi za mchomeleo kwa jicho. Zikitimia nne, alitia vema kwenye karatasi na kuliacha gari liende. Zisipotimia, aliandika 27 kwenye bati lililo kati ya injini na dashibodi, akaizungushia duara, akachora mstari mfupi kuelekea penye kasoro. Gari likishatengenezwa, alama ilifutwa kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa.

Wanaume wa kituo kile walisema hatamaliza wiki mbili. Alikaa miezi kumi na minne, kisha akahamishiwa upande wa pili wa kiwanda, kwenye Delmar, gari la kifahari la milango minne walilonunua madaktari na wenye viwanja vya kuzikia. Haskell alisema amepandishwa cheo. Wenzake walisema ameondolewa njiani, maana alikuwa anasimamisha magari mengi mno. Kwenye Delmar alipewa dakika tatu kwa kila gari, na huko ndiko alikojifunza kusikiliza milango. Alifumba macho, akaufunga mlango, na kwa mlio wake akajua kama bawaba ya juu imekaa sawa. Alistaafu mwaka 2001. Nyumbani kwake hakuna mlango ambao hajaufungua bawaba na kuufunga upya, wa friji ukiwemo.

Kwa hiyo mdogo wake Lonzo, mstaafu wa posta, alijua anachokifanya alipokaa kimya mpaka siku ya mwisho. Ilikuwa Agosti 2018, wiki ya msafara mkubwa wa magari ya zamani kwenye barabara ya Woodward. Jumatano jioni alimpigia dada yake simu na kumweleza kwa sauti ya mtu anayetaja ajali ndogo: kesho yake saa sita mchana anatia saini. Anatoa Delmar yake ya mwaka 1972, anaongeza dola elfu thelathini za akiba, anachukua Mako ya mwaka 1971. Jumamosi atakuwa nayo Woodward, mbele ya wenzake wote wa posta.

"Umeliendesha?" Verdell aliuliza.

"Nimekaa ndani."

"Hata kwenye sofa unakaa, Lonzo."

"Dada, nina miaka sitini na sita. Gari hili nalitaka tangu nina kumi na tisa."

"Basi halitashindwa kunisubiri mpaka kesho asubuhi."

Karakana iliyokuwa na Mako hiyo ilikuwa Hazel Park, na mwenyewe aliitwa Dale Kuczmarski, fundi wa miaka hamsini na kitu, mwenye masharubu yaliyoanza kuwa meupe na mikono safi kuliko kawaida ya kazi yake. Alikuwa ameandaa kahawa na boksi la donati. Mako ilisimama katikati ya sakafu, nyekundu, iking'aa kama imetoka kulambwa. Lonzo aliizunguka mara mbili huku mikono ameifunga nyuma, kama mtu aliye dukani na hana ruhusa ya kushika.

"Karibu kahawa, mama," Dale alisema.

"Baada ya kazi, kijana wangu. Tuanze na lile tunalolijua."

Nyuma ya maghala kulikuwa na barabara iliyonyooka, isiyo na watu. Verdell alikaa kwenye usukani wa Delmar, Lonzo kando yake na saa ya mkononi, Dale nyuma. Alikanyaga mafuta. Gari lilijikusanya, likainua pua kidogo, likaondoka kama mtu mnene anayejua kucheza dansi. Kutoka kusimama hadi maili sitini kwa saa, Lonzo alihesabu sekunde kumi na moja na nusu. Verdell alipofunga breki, lilisimama kwa futi mia moja sitini bila kuyumba, na ndani hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ya tumbo la Lonzo, ambaye hakuwa amekula.

"Hilo ni gari," Verdell alisema.

"Hilo ni sebule," alisema Lonzo.

Ikafuata Mako. Injini ilipowaka, vijiko vya kahawa vilitembea mezani mle karakanani. Barabarani Verdell alikanyaga mafuta tena, na safari hii gari halikujikusanya hata kidogo. Liliruka. Migongo yao ilibanwa kwenye viti, maghala yakawa mstari mmoja wa kijivu, na Lonzo akaanza kucheka bila kujua kwamba anacheka. Sekunde sita kamili. Katika sekunde hizo Verdell naye hakuwa na umri. Alikuwa amekagua maelfu ya magari haya na hakuwahi kukalia hata moja likiwa linafanya kazi iliyolileta duniani. Alitabasamu, na hakuficha.

Kisha akafunga breki. Futi mia moja tisini na tano, huku pua ikivutwa kushoto. Hilo hakulishangaa, Mako zote zilisimama vibaya, kwa sababu waliozichora walianzia kwenye injini na mengine yakafuata kama fedha ilibaki. Lililomshtua lilikuja alipokata kona kurudi. Usukani ulikawia. Ulikawia kidogo sana, kama mtu anayeulizwa jina lake na kufikiri kwanza. Akakata kona mara ya pili, na ya tatu.

Karakanani Dale alimimina kahawa na kutaja bei kwa adabu, kama daktari anayesoma vipimo. Mwaka 1971 Mako iliuzwa dola elfu tatu na mia sita, na Delmar elfu saba na zaidi. Leo Mako hii ni ya elfu arobaini na mbili. "Na ya kwako, bwana Lonzo, usiniudhikie, ni ya elfu kumi na mbili, tena siku ya bahati."

"Lakini ile ndiyo iliyojengwa vizuri," alisema Lonzo, kwa heshima ya gari lake la miaka thelathini.

"Imejengwa vizuri sana," alisema Verdell. "Ila waliokuwa na Delmar walikuwa wamekwisha kupata walichotaka. Waliokuwa wanaitamani Mako walikuwa vijana wasio na kitu, na sasa wana pensheni."

"Dada, mimi nipo hapa."

"Ndiyo. Nakutazama wewe."

Dale alicheka, akafungua boneti. Kisha akashusha sauti. Gari zima alilivua rangi mpaka likabaki bati tupu, alisema, isipokuwa mahali pamoja. Kona ile ya kushoto aliifunika kwa karatasi na gundi tangu siku ya kwanza, na hakuna mtu aliyeigusa tangu gari litoke kiwandani. Aliwasha tochi. Kwenye bati, kwa kijani kilichofifia, kulikuwa na 27 ndani ya duara.

"Hii ndiyo inayofanya bei," alisema. "Alama ya mkaguzi. Duara maana yake limepasishwa kwa daraja la juu. Wenzangu wanaichora upya kwa rangi. Hii ni ya kweli, na waamuzi wa maonyesho wanaitolea alama zote."

Kwa miaka mingi Verdell alikuwa ameiona 27 hiyo kwenye msafara wa Woodward, kwenye Mako kumi, ishirini, imepakwa juzi, imenyooka kama chapa ya kitabuni. Wenye magari walimfungulia boneti na kumwonyesha kwa fahari, bila kujua wanamwonyesha nani. Alikuwa akiwapongeza na kwenda zake. Pambo halimuumizi mtu. Sasa aliinama, akaweka ukucha kwenye ukingo wa duara, akakwangua. Nta ya kijani ilijikunja chini ya ukucha.

"Mama, tafadhali," alisema Dale. "Hapo umeshika dola elfu nne."

"Mstari huu unaelekea wapi?"

"Mstari gani?"

"Huu, chini ya duara."

Dale alisogeza tochi. "Nilidhani mkono wake uliteleza."

"Mkono wangu haukuteleza," alisema Verdell.

Dale alimtazama, kisha akamtazama Lonzo. Lonzo alikuwa anasoma maandishi ya boksi la donati.

"Huyu ndiye 27," Lonzo alisema hatimaye. "Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Verdell alieleza bila kupandisha sauti. Gari zuri halikupewa alama yoyote kwenye bati. Lilipewa vema kwenye karatasi, na karatasi zilichomwa. Nta ilikuwa ya gari lililosimamishwa, na likishatengenezwa, nta ilifutwa. Kwa hiyo gari likionekana mpaka leo na alama yake, sababu ni moja tu: hakuna aliyelitengeneza. Wapenzi wa Mako waliokota mawili matatu ya namna hiyo ghalani, wakaiona alama, wakadhani ni sifa, wakaichora kwenye yote.

"Nipe hiyo tochi," alisema.

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Alitandika gazeti, akalala chali, akajisukuma chini ya gari mpaka ikabaki miguu, na wanaume wawili wakasimama wakiitazama. Alikaa huko muda mrefu kuliko sekunde hamsini na tano. Alipotoka alimkabidhi Dale tochi, na Dale akaingia mwenyewe. Alirudi masharubu yakiwa na vumbi.

"Inchi mbili," alisema Dale. "Na zinapoishia pana ufa. Mwembamba kama unywele."

"Haskell alikuwa hapendi gari lilale kiwandani," alisema Verdell. "Zamu yangu ikiisha, aliyaachia yaende yale niliyoyasimamisha. Nilikuwa nasikia. Sikuwahi kuliona moja kwa macho yangu mpaka leo."

Lonzo aliketi kwenye kigoda cha fundi. "Limetembea miaka arobaini na saba."

"Dale, lilikaa ghalani miaka mingapi?"

"Thelathini na moja," Dale alikiri.

"Nitaendesha polepole," alisema Lonzo. "Woodward Jumamosi ni maili tano kwa saa, dada. Watoto wanatupita kwa miguu."

"Na Jumapili?"

Lonzo aliifungua saa yake ya mkononi na kuifunga tena.

"Hakuna anayenunua gari hili ili aende polepole, wewe hata kidogo. Nimekusikia ukicheka. Utakanyaga mafuta, na siku moja utakata kona na usukani utakubakia mkononi."

Dale alikuwa ameinamisha kichwa. Kuchomelea si kazi kubwa, alisema, ni ya asubuhi moja, lakini moto utaiyeyusha nta na kuibabua rangi yote ya kona, na bila alama ile gari ni la elfu thelathini na nane. Aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kuna mabwana wawili wa Ohio wanaopiga simu kila siku.

"Wauzie," alisema Verdell. "Nipe tu namba zao, niongee nao kwanza."

Masharubu ya Dale yakatikisika. "Mama, wewe hukuwahi kufukuzwa kazi?"

"Walijaribu. Wakanipa Delmar."

Dale alichukua karatasi za mkataba zilizokuwa zimeandaliwa mezani, akazikunja mara mbili, akazitia mfukoni. Mabwana wa Ohio hakuwataja tena. Lonzo alikuwa akiitazama Mako na kuona Jumamosi yake ikiondoka.

"Elfu ishirini na sita juu ya Delmar," alisema, "likiwa limechomelewa."

"Na alama imeyeyuka?" Dale aliuliza.

"Alama haiwezi kunipeleka popote."

"Hutalipata kabla ya msafara."

"Najua. Wenzangu watanicheka. Nimewaambia wote, hata wale nisiowapenda."

"Watakucheka ukiwa umekaa kwenye viti vya ngozi," alisema dada yake, "na hewa ya baridi inakupuliza usoni. Wao watakuwa wanachemka." Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye boksi. "Sasa nipe hiyo kahawa, Dale."

Jumamosi Lonzo ataendesha Delmar kwenye barabara ya Woodward, Verdell akiwa kando yake. Jumatatu Dale atang'oa sanduku la usukani la Mako na kuchomelea upya inchi zote nne. Jumatano saa tatu asubuhi Verdell atalala tena chini ya gari kuzipima, na zikitimia, Lonzo atalipa.